Fremu Ni Ile Ile

Jumanne simu iliniambia, kwa adabu,
kwamba haitapata tena masasisho.
Programu ya kupokelea malipo ikajifunga.
Mteja kasimama na tairi begani, ananitazama,
nami nabonyeza kioo kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba iliyohamwa.

Miaka saba tu!
Hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
ipo baiskeli ya Mzee Sekiboko:
nimebadilisha spoku, rimu, mnyororo,
usukani mara mbili.
Ina umri wa kustaafu, na kila alfajiri
inabeba madumu matatu ya maji
bila kuuliza kama kiwanda chake bado kipo.

Ndipo nikamwita Mkufya, mtoto wa dada yangu,
anayesomea umeme.
Akaja na kompyuta iliyong'oka vitufe viwili
na waya alioazima bila kuomba.
"Mjomba, tukivunja kufuli la kiwandani
dhamana inakufa."
Dhamana! Duka lenyewe siku hizi linauza chipsi.

"Halafu betri ya kompyuta hii haishiki chaji.
Umeme ukikatika katikati, simu inakuwa tofali."
Tukainua macho kwenye balbu, wote wawili,
tukanyamaza.

Tofali.
Nikaipima kiganjani.
Tofali dogo, la kukandamizia risiti
feni isizipeperushe.

Saa tatu usiku. Kitufe cha sauti na cha kuwashia,
vibane pamoja, hesabu hadi kumi.
Yakaja maandishi meupe, madogo kama sisimizi.
Mkufya akanisomea: aliyeutunga mfumo huu,
mtu wa mbali, asiyeijua Tanga,
anasema hawajibiki kwa lolote
na hataki hata senti.
Nikampenda hapo hapo.
Mafundi wangapi wanakwambia kweli
kabla hujafungua pochi?

"Futa kila kitu?" kioo kikauliza.
Picha tulishazihamisha: harusi ya Chuda,
mabati niliyonunua kwa mafungu,
na sauti ya mke wangu Mwanamkasi, ya mwaka juzi,
ananiagiza nazi mbili, anakohoa,
anasema, "Basi lete tatu."
Nikabonyeza Ndiyo.

Asilimia nne. Asilimia kumi na moja.
Jirani akachomeka pasi, balbu ikanywea;
Mkufya akalitaja jina la Mungu,
mimi nikalitaja la jirani.
Asilimia themanini na tisa. Ikaganda hapo
muda wa kuziba pancha mbili.

Kisha duara la buluu likaanza kuzunguka,
likazunguka, likazunguka,
kama rimu niliyoipachika kwenye stendi
nione kama imepinda.
Haikupinda.
"Karibu. Chagua lugha."
Kiswahili kilikuwepo, kimebanwa
katikati ya lugha nisizozijua hata kwa sura.

Nilikwisha kulala nilipokumbuka madeni.
Majina thelathini na kitu, niliyaandika humo humo simuni,
tyubu za kukopa, breki za kukopa,
pedeli moja ya kukopa (ya pili aliiokota).
Hatukuyahamisha.
Yamekwenda, kwa ridhaa yangu, kwa kidole hiki.

Sikumwambia mtu. Lakini Mkufya ana mdomo.
Asubuhi Bi Mwanatumu akapita, akasema
namdai elfu nne. Mimi nilidhani saba.
Nikapokea. Simu ikalia mlio mpya,
mwembamba, kama kengele ya baiskeli ya mtoto: pesa imeingia.
Muuza kahawa akaleta mia tano
kwa deni ambalo hata leo silikumbuki.

Wengine siku hizi wanazunguka
kupitia uchochoro wa nyuma.
Nawasikia kutoka hapa nilipochuchumaa,
minyororo yao mikavu ikilalamika,
na kila mnyororo naujua kwa sauti.