Soda Mbili

Mwanjelwa, nyuma ya duka la vitenge,
Tusekile ananifungulia sanduku la bati:
madaftari ya bendi, yananuka moshi na panya.

"Machi, dansi la stesheni.
Mpiga tarumbeta, shilingi sitini.
Mnenguaji, soda mbili."
Pembeni, kwa penseli: nani alikubali?

Nimekuja kutafuta mkataba.
Hakuna mkataba.
Kuna dole gumba la wino,
risiti ya gitaa lililowekwa rehani,
na barua ya mgomo isiyotumwa,
imekunjwa mara nne kama hela ya kuficha.

"Andika," anasema, "mnenguaji ni mimi."

Baridi ya Juni inashuka kutoka Loleza.
Nanakili polepole, vidole vimekufa ganzi.
Ananisahihisha:
hazikuwa mbili.
Ilikuwa moja,
tukagawana na Sikitu.