Herufi Tatu

Mama Nsimire alijua kabla yetu:
alimbusu binti yake kwenye paji, akaonja chumvi,
katika mji ambao ziwa lake halina chumvi.

Tulimpa dawa za kifua kikuu miezi minane.
Bure. Si yule mdudu, ni binamu yake,
mwenyeji wa mabomba na matope ya Kadutu;
mzima humpumua asubuhi, jioni kamsahau.

Nikafunga makohozi kwenye barafu, yakavuka Ruzizi.
Yakarudi yamekuwa maandishi:
herufi milioni tano, za alfabeti yenye nne tu.

Ya Akonkwa, wa kule Ibanda, yakarudi pia.
Nikayalaza sambamba, mstari kwa mstari.
Tofauti: herufi tatu.

Hawana undugu. Hawachoti bomba moja.
Walikutana Alhamisi tu, koridoni kwetu,
kwenye benchi chini ya dirisha lisilofunguka,
wakigawana kalamu za rangi.

Benchi hilo nililiweka mimi.
Nilisema: wakae pamoja, wasijione wapweke.

Leo nimemwita seremala na msumeno wake.
Nusu ya pili aipeleke wapi, ananiuliza.
Mbali, namwambia.
Ila waweze kupungiana mikono.