Koti la Memorial

Nimelinunua koti Memorial, Jumanne, belo likifunguliwa,
kabla Mama Ndeshi hajapandisha bei
kwa kuniona nimelishika kwa mikono miwili.
Zito, lina sufu ndani, la mtu mrefu kunizidi,
la nchi ambayo chuo chake bado hakijanijibu.
Mfukoni tiketi ya tramu, imekunjwa mara nne,
jina la kituo nusu limefutika.
Nililisoma hivyo hivyo, kama ninayeapishwa.

Basi tazama:
koti limevuka bahari bila kuhojiwa.
Halikuulizwa salio la benki la miezi sita,
halikuulizwa kama lina nia ya kurudi kwao.
Limetua, limefunguliwa kamba,
limepigiwa mnada juu ya turubai.
Mimi ndiye naulizwa.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Aikande.
Cha kidato cha nne kinasema Haikande.
Herufi moja. Aliichomeka mwalimu wa darasa la saba,
mwenye mwandiko mzuri na haraka ya kuwahi mbege.
Kwa herufi hiyo wakili wa ghorofa ya pili
anataka elfu arobaini
nile kiapo kwamba mimi ni mimi.
Nikala.
Siku hiyo ndicho nilichokula.

Bumu lilichelewa wiki tano,
na lilipoingia lilikuta wanaonidai wamepanga foleni:
mama wa makande, Kiwelu wa fotokopi,
mwenye chumba huku Soweto anayegonga mlango kwa funguo,
na mbele yao wote, ada ya mtihani wa Kiingereza,
lugha niliyofundishiwa toka kidato cha kwanza,
niliyoandikia utafiti wangu juu ya wakulima wa kahawa
ambao hawataweza kuusoma,
na bado nilipe ili nisadikike.

Dakta Lyatuu ameahidi barua ya kunipendekeza.
"Nikumbushe Jumatatu."
Nimemkumbusha Jumatatu tisa.
Ombi la kwanza lilifungwa saa sita usiku ya kwao,
kwetu saa nane. Umeme ulikatika saa saba na nusu.
Nilikaa gizani na asilimia tisini na mbili ya faili,
nikisikia jirani anatafuta kiberiti.

Baba aling'oa mibuni mwaka nilioingia chuo.
Kahawa ilimsomesha shangazi, kwangu haikufika.
Sasa kihambani kuna parachichi, bado fupi.
Nilipomweleza mipango yangu alinyamaza,
akakata jani kavu la mgomba, akauliza:
"Huko, ndizi zipo?"
Nikasema zipo, za dukani.
Akacheka kidogo, kama mtu aliyepewa jibu la swali lingine.

Na wageni wanashuka KIA,
wanalipa dola dirishani, wanagongewa muhuri,
kesho yake wapo geti la Machame wanapaka mafuta ya jua.
Mdogo wangu Elinami huwabebea viti vya kukunja.
Ndiyo, viti. Mlimani.

Ijumaa ya juzi alikuja kuliazima koti.
"Wiki tu, dada. Kule Barafu usiku ni habari nyingine."
Nikasita.
Kisha nikaona aibu kwa kusita kwangu
na nikalitoa msumarini.

Limerudi leo, Jumapili,
lina harufu ya mafuta ya taa, zipu imeng'oka meno matatu.
Limefika juu ya mawingu kabla yangu,
likaikuta baridi linayoifahamu,
likashuka.
Mfukoni, ubavuni mwa ile tiketi,
noti ya dola kumi, bakshishi yake,
nayo imekunjwa mara nne.
"Ongezea kwenye ile herufi," amesema,
akiwa ameshafika mlangoni, mgongo kwangu.

Nimelivaa mbele ya kioo cha chumba.
Mikono yake bado inanizidi vidole viwili.
Jasho linanitoka; Moshi ni Februari.
Jibu halijaja.
Kesho Jumatatu, ya kumi.
Nitapita kwa Dakta saa mbili, kabla hajaingia darasani.