Pedi ya Pili

Mogaka, nimeingia. Tiketi mia tano,
utepe wa karatasi mkononi kama mgonjwa wa wadi,
na ukumbi wa Sarit umezimwa taa mchana kweupe
ili skrini ziwake vizuri.
Nakuandikia vipande vipande; wewe huko Doha utavisoma
ukitoka zamu.

Tangazo la kwanza: kandanda, ile ile.
Nyasi ni mpya, wanasema. Kila unyasi una kivuli chake.
Jasho la beki linashuka shavuni tone kwa tone.
Nikamkumbuka kipa wetu wa zamani asiye na vidole,
mikono kama vibao viwili vya kukatia mboga,
na bado ulinifunga tisa bila huruma.
Umati ukazishangilia nyasi.
Mimi nilipiga makofi mawili, ya adabu.

La pili: joka. Lazima pawe na joka.
Likatanda skrini nzima, likapumua moto,
kijana mbele yangu akashika kichwa, "Noma! Noma sana!"
Hata mimi, nakiri, nywele zilisimama.
Kisha maandishi: YAJA HIVI KARIBUNI.
Walisema hivyo mwaka juzi,
mwaka ambao nawe ulisema utarudi hivi karibuni.

La magari nililiacha bei ilipotajwa:
niliigeuza kuwa unga, nikafika pakiti ya thelathini na nane,
nikachoka kuhesabu.
Lingine sikulielewa. Mtu analima mwezini, analia.

Kila kibanda niliuliza swali moja,
na vijana wa fulana nyeusi wakanitazama
kana kwamba nimeuliza kama wanauza kaseti.
"Wawili wanaweza kucheza? Kochi moja, skrini moja?"
"Mtandaoni, dada. Kila mtu kwake."

Kila mtu kwake.
Nilitaka kuwaeleza habari za ule mstari mweusi
ulioigawa televisheni ya Mama katikati,
wewe juu, mimi chini,
ukichungulia upande wangu kujua nilikojificha,
nami nikikupiga kiwiko, na Mama kutoka jikoni:
"Atakayekata huo waya atakula waya!"

Ngoja, Mogaka. Kule nyuma kabisa, karibu na choo,
kuna meza moja iliyotandikwa leso,
na msichana anaitwa Nduku, macho mekundu ya kukesha.
Gemu yake haina trela. Ina watu wawili na godoro.
Ndiyo, godoro. Futi nne kwa sita.
Kazi yenu ni kulipandisha ghorofa ya saba, Pipeline,
ngazi nyembamba, nguo zimeanikwa, mtoto amekaa kidatoni
hataki kusogea,
na mmoja akivuta kabla mwenzake hajainua
linakwama.

Nikashika pedi moja.
Ya pili ikalala mezani, taa yake ya buluu ikipepesa.
Nduku akakataa kucheza: anazijua kona zote,
alisema, itakuwa wizi.
Basi askari wa mlangoni, Bwana Ekiru, mtu wa koti kubwa,
akavua glavu, akakaa.
Hajawahi kushika pedi. Aliishika kama sahani ya moto.
Lakini ghorofa ya pili akaanza kuniamuru:
"Inua wewe. Inua! Sasa geuza. Polepole.
Usisukume, madam, tutavunja mlango wa wenyewe."
Amehamisha watu, huyu. Mabega yake yanajua.

Tulikwama ya nne.
Kona ile, Mogaka, ile ile ambapo mimi na wewe
tuliketi juu ya godoro tukala mkate mkavu,
tukisubiri nguvu zirudi, usiku ule wa kuhama,
na hatukumtaja Mama.

Nduku anasema ghorofa ya tano hajaijenga:
ukifika huko, ngazi zinaishia hewani.
Itatoka lini? Hajui. Akipata mkopo. Akipata usingizi.

Sasa niko nje, mvua imeanza,
na joka bado linanguruma ndani.
Pedi yako ipo. Huipangusa vumbi kila Jumapili.
Kile kijiti cha kushoto
bado kinavuta upande kinakotaka.
Ukitoka zamu niambie tarehe,
tarehe kabisa, yenye namba.