Sauti ya Pili

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.
Ghorofani, juu ya duka la dawa, mtaa wa Allende, mjini Saltillo:
simu mbili, penseli, daftari la mistari.
Anayepiga ataje wimbo, nami nichore kijiti,
vijiti vitano fungu, na Ijumaa jioni
mafungu yanakuwa chati, chati inakuwa sheria.

Ule wimbo uliingia namba kumi na tisa
kama mgeni anayeketi karibu na mlango.
Mwanamume wa mji mkuu, koo laini kama siagi juani,
anamlilia mwanamke aliyesahau mwavuli:
"Mwavuli umeniachia, mvua umeondoka nayo."
Nilicheka. Saltillo ni jangwa. Nani hapa
ana mwavuli wa kusahau?

Wiki ya pili, kumi na moja. Ya tatu, sita.
Waokaji waliuimba, unga nyusini.
Wasichana wa kiwanda cha magari walishuka nao basini.
Daktari wa meno, jirani yetu, aliufungulia sauti
ili wagonjwa wasiisikie mashine.

Na alikuwepo yule mama.
Saa nne kamili, kila siku, sarafu inadondoka: kli.
"Naitwa Otilia, nautaka wa mwavuli."
Dakika tano baadaye: "Naitwa Casimira." Kisha: "Eufrosina."
Sauti ile ile, kikohozi kile kile,
mbwa yule yule akibweka nyuma ya majina yote.
Alhamisi moja alikuwa wanawake kumi na wanne.

Nikamwambia: Mama, simu moja kwa mtu mmoja.
Kimya. Mbwa. Kisha:
"Kiitikio cha pili, binti, usimsikilize yeye.
Sikiliza chini yake. Anaposema mvua,
kuna anayesema mvua nyuma kidogo,
kama mtu afungaye mlango taratibu asiamshe mtoto.
Huyo ni Nélida wangu. Walimlipa siku moja
na nauli ya kurudi. Jaladani hayumo."

Usiku nilibaki na santuri.
Nikainua sindano, nikairudisha, nikainua.
Mara ya saba nikamsikia.
Tangu hapo, Mungu anisamehe, mwanamume simsikii.

Niliiba? Piga hesabu mwenyewe.
Otilia nilimpa kijiti. Casimira nilimpa.
Eufrosina, kwa ajili ya kikohozi, viwili.
Wiki ya tisa wimbo ukakaa namba moja,
ukakaa wiki sita, na meneja akasema,
"Moyo wa umma, Eduviges, haudanganyi,"
akanituma keki.

Mwimbaji alikuja Novemba na koti jeupe,
akajaza uwanja wa besiboli.
Nyuma yake wasichana watatu wa kukodi.
Hakuna aliyekuwa Nélida. Niliwajua kwa ile mvua:
mlango waliufunga kwa kishindo.

Kisha nane. Kumi na tano. Nje.
Zikaja nyimbo za kuchezwa, vinanda vya umeme,
vijiti vyangu vikahamia kwingine.
Ila saa nne kamili sarafu ilidondoka, mara moja tu sasa,
na mama akatumia jina lake.
"Naitwa Refugio. Najua umetoka kwenye chati.
Upige tu mpaka mvua ya pili, ile ya nyuma,
kisha ukate, hata katikati ya neno."

Nilichora. Ukurasa ule ninao bado:
kijiti kimoja, hakikupata fungu.