Kisogo Kikawa Uso

Juu ya meza ya jikoni, Castelfidardo, Januari,
nimezipanga lenzi nne kama waposaji,
na anayeposwa ni ulimi mmoja wa kodiani,
chuma chembamba, urefu wa kidole cha mtoto,
alichokikwangua baba kwa tupa mpaka kikaimba.

Nataka ile mikwaruzo.
Nazzareno hakuandika barua hata moja maishani;
alikwaruza. Kwenye ncha, sauti ipande;
karibu na shina, sauti ishuke.
Huo ndio mwandiko wake, nami nataka kuusoma
mara mbili ya ukubwa wake,
kwenye filamu pana kama kiganja.

Wa kwanza, milimita tisini. Mfupi, mnene, jicho la mbuni.
Ili aone vizuri hana budi kumbusu bibi harusi:
anasogea, anasogea, kivuli chake chaangukia chuma,
taa yangu haina pa kupenya.
Asante. Kaa.

Wa pili, mia na hamsini, ndiye niliyemzoea.
Amenipigia milima ya Sibillini yenye theluji,
na ng'ambo ya bonde, nguo za watu kwenye kamba.
Lakini alifunzwa mbali. Ukimleta karibu
anababaika pembeni, kama aliyevaa miwani ya mwenzake.
Tena adai mvukuto wa mia nne na hamsini;
wangu hukoma mia nne na ishirini,
na hapo mikunjo imenyooka yote, kona yavuja nuru
pale Dorino wa karakana alipobandika ngozi ya mwanambuzi.

Wa tatu, mia tatu. Mpole, hamkaribii mtu,
huacha nafasi ya taa, ya mkono, ya kikombe cha kahawa.
Ila kwa kazi hii ataka mvukuto wa karibu mita nzima.
Nikacheka peke yangu.
Ukoo wetu wote ulikunja karatasi ngumu na ngozi,
mjomba, shangazi, baba, miaka sitini ya mivukuto,
na mimi nimekwama kwa kukosa mikunjo!

Wa nne hana hata kilango cha kufumba.
Ni lenzi ya kukuzia picha, mia na tano,
nilimnunua sokoni Osimo pamoja na sufuria.
Kazi yake ilikuwa gizani:
kupokea kidogo, kumimina kikubwa juu ya karatasi.
Nikamgeuza. Kisogo kikawa uso.
Upande uliozoea filamu ndogo sasa wautazama ulimi,
mvukuto mia tatu kumi na tano, na akiba ikabaki.

Nikaingia chini ya guo jeusi.
Kwenye kioo cha ukungu, kichwa chini miguu juu,
mikwaruzo ikasimama
kama matuta ya shamba lililolimwa kwa pupa.

Lakini kukaribia kuna ushuru wake.
Ukubwa mara mbili, nuru mara tisa:
sekunde mbili zikawa kumi na nane,
na filamu, mvivu kwenye kiza, ikadai arobaini.
Kilango sina; ninayo kofia ya baba ya sufi.
Nikaivua usoni pa lenzi, nikahesabu.
Kufika ishirini na sita lori likapita, vijiko vikalia.
Nikaifunika. Filamu nyingine. Moja, mbili, tatu.

Jana nimeisafisha.
Ncha yasomeka, shina lasomeka.
Ila katikati, pasipofaa kupandisha wala kushusha,
upo mkwaruzo mmoja wa mshazari, mrefu, wa haraka.
Tupa iliteleza? Aliitwa chakulani? Alikasirika?
Nilimwonyesha mama. Akaisogeza picha hadi puani,
akairudisha mbali, urefu wa mkono.
"Alipiga chafya," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Nimebana tundu hatua moja zaidi.
Napiga tena.