Sufi na Sufu

Duka la Bwana Akhlaq, hapa Bradford, lina kila kitu:
ndoo, feni, mazulia, misala ya kuswalia,
na kwenye rafu ya chini, karibu na sumu ya panya,
vifuniko vya godoro, pauni sita na peni tisini.

Nilikisoma kimoja kwa mwanga wa simu.
Hakipitishi maji. Hakishiki moto. Hakiingiwi na kunguni.
Lebo nzima inakana, kama mshitakiwa:
kisichofanya kimeandikwa chote,
kilichomo hakimo.
Nikakinunua hata hivyo. Mwisho wa mwezi hauna maswali.

Thuwein ana miaka mitano na mvua yake ya usiku.
Kwetu wangemwita kikojozi na kumzomea mtaani;
hapa daktari ameniambia: subiri.
Nikakitandika. Kikalia chakarachakara
kila alipogeuka,
kama mtu anayefungua pipi msikitini.
Na harufu: mpira mpya, mdoli mpya, gari la kukodi,
harufu nilizozoea kuziita usafi.
Asubuhi godoro kavu, mtoto majimaji,
jasho limemshika mgongo mzima.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Basi usiku wa pili nikakilalia mimi,
magoti kidevuni, pua kwenye shuka.
Kunguni sikumwona. Kichwa kiligonga,
na saa kumi alfajiri nikawa napiga hesabu:
masaa kumi kila usiku, mara siku za mwaka.
Hewa hii mwanangu anaila kuliko ugali.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, vitanda thelathini na viwili
vyote vimevaa plastiki. Mwaka wa nne huu navifuta.
Bi Doreen wa chumba cha tisa akaniuliza mbona nimenuna.
Nikamwambia. Akacheka hadi meno yakamcheza.
Yeye alichana sufu tangu ana miaka kumi na mitano,
kwenye kiwanda chenye dohani ndefu ambacho sasa ni fleti za vijana,
na mikono yake, anasema, haikupata kupasuka:
mafuta ya kondoo yaliilinda na baridi.
"Umewahi kumwona kondoo na mwavuli?
Januari nzima yuko mlimani, na ngozi yake kavu."

Sufu. Nilirudi na neno hilo kwenye basi, nikiligeuza mdomoni,
kwa sababu mama yangu, Pangani, alikuwa na sufi:
tulipasua maganda yake uani,
nyuzi zikatupanda kwenye kope, tukapiga chafya,
naye akashindilia godoro kwa ngumi na kulishona kwa shazia.
Hakuna aliyeuliza limetengenezwa na nini.
Msufi ulikuwa pale, nyuma ya choo.

Sufi, sufu. Herufi moja,
na katikati yake bahari, viza, na mvua ya Yorkshire.

Pauni hamsini na nane. Koti nililojiahidi likasubiri.
Kikafika kizito, rangi ya maziwa, kinanuka zizi.
Lebo yake: sufu, pamba, uzi wa pamba.
Nikaisoma kwa sauti, kama mtu anayeapishwa.

Nisiseme uongo: usiku wa kwanza tone lilipita,
doa dogo kama sarafu. Na kukifua ni kazi,
kinataka maji ya vuguvugu na siku mbili juu ya radieta;
nyumba ikanuka kondoo aliyelowa,
Makame akauliza kama Idi imefika.

Lakini sasa ni saa nane za usiku, mvua inapiga kioo,
nimesimama mlangoni nikiisikilizia ile chakarachakara
na haipo.
Anageuka. Kitanda hakisemi.
Kile cha pauni sita nimekikunja, kiko chini ya ngazi.
Sijui nikitupe wapi
ambapo hakitalaliwa na mtu.